Fundi na Zile Moja Saba

Watu wa Sumbawanga walimjua Fundi kwa matofali yake. Mtu akitaka nyumba ambayo upepo wa Julai hautaipenya, alishuka bondeni kwake, akamkuta amekunja suruali hadi magotini, anakanyaga udongo, na salamu yake haikujibiwa mpaka safu iliyoanzwa iishe. Mimi nilimjua kwa namba moja, na kwa namba hiyo nilimkosea. Sasa nina umri wa kutosha kulisema hilo bila kutafuta maneno ya kujifichia.

Tulikuwa majirani zaidi ya miaka thelathini. Mimi nilikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali, mtu wa kidato cha nne, suruali yenye mkunjo wa pasi. Yeye aliishia darasa la nne. Aliniita Karani, nami nilimwita Fundi, na sikumbuki siku ambayo mmoja wetu alitaja jina la mwenzake.

Tofali alilipima kwa kuligonga na kifundo cha kidole na kusikiliza. Lisipolia, alilivunja palepale, hata kama mteja amesimama hapo na anasema analitaka hivyohivyo. Bwana mmoja aliyekuja na lori kutoka Namanyere alimsihi amwachie yale mabovu akajengee choo. Fundi aliyavunja yote mbele yake, moja baada ya jingine, kisha akampakilia mazima ya ziada bila kumwambia. Hakuujua mwaka aliozaliwa wala hakuuliza, lakini ukimwambia tanuru lina matofali kama elfu tatu hivi, alikasirishwa na lile "kama".

Jioni alihesabu matofali mabichi ya siku hiyo na kuyaanika kwa safu zilizo sawa. Yakiwa tisini na moja, yalilala safu saba za kumi na tatu, naye akaridhika. Yakiwa tisini na saba, alijaribu safu mbili, tatu, tano, saba, na kila mara kukawa na tofali linalobaki nje. Hapo alisema, "Leo ni kaidi," akayaacha katika mstari mmoja mrefu. Hakuongeza tofali ili mambo yakae sawa, wala hakupunguza.

Nilimwambia kwamba shuleni namba ya aina hiyo tuliiita namba tasa. Alinitazama, kisha akatazama nyumbani, ambako mkewe alikuwa akipepeta ulezi. Walikuwa wameoana miaka mingi bila mtoto, na neno hilo mama yule alikuwa amelisikia kisimani, sokoni, hata nje ya kanisa.

"Neno lenu hilo liacheni hukohuko shuleni," alisema. "Hizi ni kaidi. Hazijapungukiwa kitu. Zimekataa tu."

Tangu siku hiyo nami naziita kaidi.

Namba yenyewe ilitokana na utani wangu. Kila mkokoteni wa ng'ombe ulipoondoka na mzigo, Fundi alichora kijiti kwa mkaa kwenye mlango wa banda. Siku moja nilikuta vijiti saba vimesimama pamoja, na kwa kuwa nilipenda kuonyesha elimu yangu, nikasoma kwa sauti: milioni moja, laki moja na elfu kumi na moja, mia moja na kumi na moja. Nikamwambia kwa biashara hiyo atajenga Sumbawanga nzima. Wapakiaji walicheka. Fundi hakucheka. Aliutazama mlango, akaniuliza, "Hiyo inapangika?"

Nikasema sijui. Hilo ndilo jibu la kweli la mwisho nililompa kuhusu namba ile kwa miaka mingi.

Alianzia chini, kama mtu anayejenga. Moja mbili, yaani kumi na moja, ni kaidi. Moja tatu, mia moja na kumi na moja, ni safu tatu za thelathini na saba. Moja nne hazikumsumbua: ni kumi na moja mbili zilizopangwa pamoja, kwa hiyo kumi na moja inaingia. Kwa namna hiyohiyo aliziruka moja sita. Moja tano zilimla masika yote, wakati mvua hairuhusu kufyatua, akiandika kwa mkaa kwenye kuta za banda na kwenye karatasi za mifuko ya saruji, mpaka akapata safu arobaini na moja za mia mbili sabini na moja. Alinifuata ofisini kunieleza, miguu imejaa tope, akapita mbele ya foleni ya watu wenye shida zao, akasema mambo mawili hayo tu, arobaini na moja na mia mbili sabini na moja, akaondoka.

Kwetu watu ni wepesi kusema mtu ana dawa. Zile tarakimu ukutani zilimletea maneno, na mama mmoja aliyekuwa ameagiza matofali alituma ujumbe kwamba hayataki tena. Fundi alimwendea akiwa na mkaa, akakaa kizingitini kwake na kumfundisha kugawanya mpaka mama akachoka na kuyachukua. Mkewe naye alikuwa na yake. Nilipopita kuwasalimu alizoea kuniambia, "Shemeji, karibu. Mwenzako yuko kwa mke mwenzangu. Ana miguu saba, na katika yote hana hata mmoja wa kwendea kisimani." Alilisema mumewe akisikia. Fundi alijibu bila kuinua kichwa kwamba yule wa miguu saba angalau hasemi. Halafu ndiye aliyechukua ndoo.

Sasa nieleze aliloligundua, maana hapo ndipo kosa langu lilipoumiza.

Fundi aliona kitu katika namba zilizoingia. Thelathini na saba, iliyoingia kwenye moja tatu, ukiigawa kwa tatu inabaki moja; tatu yenyewe aliiweka kando. Arobaini na moja na mia mbili sabini na moja, zilizoingia kwenye moja tano, ukizigawa kwa tano kila moja inabakiza moja. Alinionyesha akiwa amechuchumaa, akizichora udongoni. "Kwa hiyo, Karani, kama kuna inayoingia kwenye moja saba, ukiigawa kwa saba itabaki moja. Nadhani. Lakini mambo mawili yakifanana inaweza kuwa bahati. La tatu ndilo litakaloniambia."

Mimi mwenye kidato cha nne sikuwahi kufundishwa jambo hilo, wala sikuwahi kuliona. Nilimwambia ni bahati.

Kwa kuwa hakutaka kuitegemea ndoto yake, aliamua kuzijaribu kaidi zote, moja baada ya nyingine. Alishajua mahali pa kuishia. Safu zikizidi elfu moja hamsini na nne, alisema, urefu wa kila safu unakuwa mdogo kuliko idadi ya safu, na urefu huo umeshaujaribu kama idadi ya safu ulipokuwa chini. Alizigawa zote hadi mia moja tisini na tisa kwa mkono wake. Zilikuwa arobaini na sita, na hakuna iliyoingia. Kiangazi kilipofika alipata kazi ya kujenga huko Ilemba, chini ya milima, miezi mitano. Alikuja kwangu na daftari kubwa, namba zimepangwa tayari, kuanzia mia mbili na kumi na moja hadi elfu moja hamsini na moja. Mia moja thelathini na moja kwa jumla. Mbele ya kila namba alikuwa ameacha nafasi ya kuandika baki.

"Huko kwenye bonde la joto sitapata utulivu," alisema. "Wewe una kidato cha nne. Nikirudi nataka nijue."

Nilianza vizuri. Niligawa kwa mia mbili na kumi na moja, kwa mia mbili ishirini na tatu, kwa mia mbili ishirini na saba, kwa mia mbili ishirini na tisa. Nne. Kisha maharage yakaiva shambani, kisha ofisini wakaja wakaguzi, kisha nikachoka tu, na hilo la mwisho ndilo la kweli. Juma lile niliposikia kwamba Fundi yuko njiani kurudi, niliketi mezani nikaandika mabaki ya kubuni mia moja ishirini na saba. Nilikuwa mwangalifu. Nilihakikisha kila baki ni dogo kuliko namba inayogawa. Nilichanganya ya shufwa na ya witiri, makubwa na madogo, nikafuta machache na kuyaandika upya ili daftari lionekane limefanyiwa kazi. Mbele ya mia mbili thelathini na tisa niliandika hamsini na nane.

Fundi alilipokea daftari kwa mikono miwili. Alilipitia akiwa amesimama, kidole kikishuka ukurasa kwa ukurasa, na nilielewa anatafuta baki sifuri kwenye zile zinazobakiza moja kwa saba. Alipofika mwisho alilifunga.

"Basi nilikuwa nimeota," alisema.

Alikwenda bandani akachukua maji na kitambaa, akafuta ile hesabu ya mabaki ya moja, aliyokuwa ameihamishia ukutani. Yale mengine aliyaacha. Chini yake aliandika zile moja saba na neno KAIDI kwa herufi kubwa, na hapo akaacha kugawanya. Hakuwa na huzuni. Alikuwa kama mtu aliyemaliza kuezeka nyumba. Mimi ndiye niliyeona kwamba amefuta kitu chake mwenyewe kwa sababu ya mkono wangu, na sikuelewa bado kama kitu hicho kilikuwa kweli au la. Sikutaka kuelewa.

Kuna mtu wa tatu katika habari hii, mwalimu wa sekondari aliyetoka Mbeya, kijana mpole mwenye miwani, aliyekuja kununua matofali ya nyumba yake. Alilisoma lile neno ukutani, akatabasamu. Alimwamkia Fundi shikamoo mara ya pili, kwa kuwa alijua atakalosema si jepesi, kisha akasema, "Mzee wangu, nafikiri hiyo inagawanyika. Sikumbuki kwa ngapi, ila niliwahi kuisoma."

Fundi alimwambia imejaribiwa. Mwalimu akasema simu yake imezima, lakini akipewa siku moja ataleta jibu. Hapo Fundi akanigeukia. Nilikuwa nimekaa juu ya rundo la kuni, nakula muhindi wa kuchoma.

"Karani alizigawa zote," alisema. "Karani, sivyo?"

Nikasema, "Zote."

Fundi akamwambia yule kijana kwamba mtu asiyekumbuka kwa ngapi asije kwenye nyumba ya watu kubomoa. Akavunja ahadi ya kumuuzia matofali, akamwonyesha njia. Mwalimu aliomba radhi, akaenda. Nilimaliza muhindi wangu. Baadaye nilisikia amehamishiwa wilaya nyingine, nikashukuru, na ninaandika neno nikashukuru nikijua linavyosomeka.

Miaka ikapita. Nikastaafu. Mke wa Fundi akafariki, na kwenye matanga Fundi alisimama kuzungumza, yeye ambaye hakuwa mtu wa hotuba. Alisema maneno machache juu ya mama yule, kisha akasema, "Watu wawili tu walizivumilia zile moja saba. Mke wangu, na Karani yule pale." Watu wakageuka kunitazama kwa wema.

Kesho yake nilinunua daftari. Nilivaa koti, nikakaa juani nje ya nyumba, nikaanza pale nilipoachia. Mia mbili thelathini na tatu, baki. Mia mbili thelathini na tisa. Niligawa mara moja, nikagawa tena, nikaweka kalamu chini. Sikuhitaji kuendelea. Ningegawa mbili tu zaidi katika kiangazi kile, mbili, ningeipata.

Nilipaswa kwenda kwake saa ileile, ni mwendo wa dakika kumi. Sikwenda. Nilijipa juma, kisha mwezi, na wakati huo mpwa wake akaja kumchukua kumpeleka Namanyere, kwa kuwa alikuwa haoni vizuri na hakuna wa kumpikia. Nikasema safari ni ndefu, nikasema mvua, nikasema kifua. Misimu miwili ya mahindi ikapita hivyo. Mwaka huu, baada ya mavuno, nilipanda basi.

Nilimkuta ameketi uani kwa mpwa wake, blanketi mabegani, miwani imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Mwili ulikuwa umepungua. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akauliza habari za Sumbawanga, za mvua, za nani kafa. Mpwa wake alituletea chai akaenda sokoni. Nilijua nikisubiri nimalize kikombe sitasema.

"Fundi, lile daftari nilikudanganya. Niligawa nne. Zilizobaki nilibuni. Na zile moja saba zinapangika."

Kuku walipita kati yetu. Baadaye alivuta miwani karibu na macho, akasema, "Kwa ngapi?"

"Mia mbili thelathini na tisa."

"Gawa. Hapa. Kwa sauti."

Nilitoa karatasi, nikaiweka juu ya stuli. Elfu moja mia moja na kumi na moja kwa mia mbili thelathini na tisa, mara nne, baki mia moja hamsini na tano. Shusha moja. Mara sita, baki mia moja na kumi na saba. Shusha moja. Mara nne, baki mia mbili na kumi na tano. Midomo yake ilikuwa ikienda pamoja nami, na sasa alinipita.

"Shusha moja ya mwisho," alisema. "Elfu mbili mia moja hamsini na moja. Mara tisa." Akahesabu. "Mara tisa, kamili."

"Kamili, Fundi. Safu mia mbili thelathini na tisa za elfu nne mia sita arobaini na tisa."

Alichukua kalamu mkononi mwangu. Aliinamia karatasi mpaka pua ikaigusa, akaandika tarakimu kubwa kama za mtoto: mia mbili thelathini na tisa, akaigawa kwa saba. Thelathini na nne, baki moja. Kisha elfu nne mia sita arobaini na tisa kwa saba. Mia sita sitini na nne, baki moja.

Aliyatazama hayo mabaki mawili. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nimejiandaa kwa machozi, na zaidi ya yote nilikuwa nimejiandaa kuambiwa yamekwisha. Hakunipa hata kimoja.

"Mama hakuisikia hii," alisema. Alikuwa anamzungumzia mkewe.

"Nisamehe, Fundi."

"Bado. Yule mwalimu yuko wapi?"

Nikasema sijui, alihamishwa. Akasema nikaulize ofisi za elimu, nina watu wangu huko, na nikimpata nimwambie Fundi amekosa. Nikamwambia aliyekosa ni mimi.

"Wewe ulidanganya," alisema. "Mimi nilimfukuza mtu ambaye ningeweza kumpa kipande cha mkaa. Mwambie vyote viwili. Usichanganye."

Kisha akageuza karatasi. Alichora vijiti kumi na kimoja, akavihesabu tena kwa ncha ya kalamu. Alisema ikiwa jambo la tatu limeshika, basi zitakazojaribiwa hapa ni zile kaidi tu zinazobakiza moja kwa kumi na moja, na hizo ni chache. Nikapiga hesabu ya mahali pa kuishia. Ilikuwa zaidi ya laki moja. Nikamwambia, kwa upole, kwamba kwa umri wetu hatutafika.

"Nani amekuuliza habari za kufika?" alisema. "Safari hii hatugawani kazi. Wewe unafanya zote, mimi nafanya zote. Unakuja hapa, tunalinganisha."

Basi ninakwenda. Kila Jumamosi ya pili napanda basi la asubuhi nikiwa na daftari ndani ya mfuko wa plastiki. Yule mwalimu nimempata. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama mzee angependa kutembelewa, na Fundi amesema aje, ila aje na karatasi yake. Mara mbili tumetofautiana mimi na Fundi. Mara ya kwanza kosa lilikuwa lake, mara ya pili langu, na zote mbili tulirudia tangu mwanzo bila neno la ziada. Nyumbani nagawa kila asubuhi baada ya chai. Siku ambazo kifua kinabana nagawa pia.

Jumamosi iliyopita tulikuwa kwenye elfu tatu mia mbili hamsini na saba. Aliifunika karatasi yake kwa kiganja kabla sijakaa.

"Soma baki lako kwanza, Karani."

"Elfu mbili mia moja sabini na sita."

Akainua kiganja taratibu, akasogeza miwani, akapitisha kidole chini ya kila tarakimu ya kwake, na akaanza tena kushoto kuhakikisha.

"Andika," alisema. "Inayofuata, elfu tatu mia tatu na moja."